Baiskeli ya Kaka Yako

9 Januari

Wifi yangu,

Salamu nakutumia nyingi, chukua zako na za wanao uwapelekee. Huku hatujambo. Nasema "hatujambo" kwa mazoea tu, niko peke yangu. Paa lilivuja upande wa chumbani, nimehamishia kitanda ukutani. Jirani wa kushoto kajifungua mtoto wa kike, mama na mtoto wazima.

Sababu ya kukuandikia ni kazi. Karakana yetu ya kushona sare imehamia mjini kabisa. Lori lililokuwa likitubeba limeuzwa, na msimamizi katuambia atakayefika ndiye mwenye kazi. Basi la kwanza la huku linapita wakati wenzangu wameshakaa kwenye cherehani, na mlango ule ukifungwa haufunguliwi. Wengi wamehama kuifuata kazi. Mimi kuhama siwezi. Kaburi la mtoto liko huku, na kama kuna mtu wa kurudi, atarudi kwenye nyumba hii.

Kwa hiyo nimefikiria baiskeli ya kaka yako. Ipo jikoni palepale alipoiegemeza, magurudumu yote mawili yamelala. Kwenda mjini ni zaidi ya kilomita ishirini, na mimi sijawahi kuendesha mbali kuliko sokoni. Wewe ni mtu wa kusema ukweli hata usipoulizwa, ndiyo maana nakuuliza: ni jambo la kufanywa na mtu mwenye akili?

Kuhusu yeye mwenyewe, sijasikia neno tangu wiki ile tuliyomzika mtoto. Mwaka unakaribia kutimia. Kama unajua aliko, niambie. Kama hujui, tuendelee na mengine.

Ni mimi, mke wa kaka yako.


2 Februari

Wifi yangu wee, mwenye maneno machache utadhani posta wanakutoza kwa neno!

Barua yako nimeipata, nimeibusu, nimeisoma, nimeisoma tena. Sisi huku wazima, ila nimepata msiba wa aina yake: binti yangu mkubwa kanyoa kipara. Mtoto wa msusi! Nilikwenda zangu kununua uzi wa kusukia, narudi namkuta kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Wateja wananiuliza kama nimeacha kazi. Nikamwambia utakaa ndani mpaka ziote, akaniambia basi mama niletee chakula huku huku. Watoto wa siku hizi!

Sasa hii ya baiskeli. Akili ni nywele, wifi, kila mtu ana zake, na zako naona umezifumua. Mwanamke mzima, kilomita ishirini asubuhi, ishirini jioni! Mimi unanijua, hata toroli naliogopa. Lakini kuna fundi baiskeli hapa jirani, mtu wa watu, nikamsomea barua yako. Kasema usipite barabara kuu, malori yatakufagia. Fuata njia ya bomba la maji, ile ya udongo inayopita nyuma ya matanuri ya matofali. Haina mlima mpaka ufike kwenye tangi. Kasema tyubu zitakuwa zimeoza, nunua mpya zote mbili, usibahatishe na viraka. Kiti ukishushe: ukikaa, mguu ukiwa umenyooka, kisigino kiguse pedeli. Na usianze siku ya kazi. Nenda kwanza siku ya mapumziko, ukapime njia.

Ndivyo alivyosema fundi. Mimi nimekuwa karani tu.

Hayo mengine uliyouliza, nimeyasoma. Kula, wifi. Mwili haujengwi kwa matofali.

Wifi yako, msusi wa mtaa mzima hata akiwa na mtoto kipara.


26 Februari

Wifi,

Natumaini nywele za binti zimeanza kuota. Mwambie shangazi... hapana, mimi si shangazi, mwambie mke wa mjomba anamsalimu. Huku paa limezibwa. Mtoto wa jirani analia sana, lakini ukuta ni mnene.

Nilikwenda kupima njia. Nilibadilisha tyubu zote mbili, nikashusha kiti kama alivyosema fundi wako. Njia ya bomba ni nzuri, bomba lenyewe linakwenda pembeni yako kama mtu mnayefuatana asiye na maneno. Kwenye matanuri kuna mbwa. Walinikimbiza kidogo wakaacha. Pale kwenye tangi la maji, kaka yako alipokuwa akifanya kazi, nilishuka nikasukuma. Kuna mlinzi mwingine sasa, kijana. Alinisalimia nami nikaitikia, nikaendelea. Baada ya hapo ni kuteremka, halafu lami, halafu magari mengi, halafu mtaa wa karakana. Palikuwa pamefungwa. Mlinzi wa pale aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nimekuja kuona kama nafika.

Narudi, miguu ilikuwa inauma. Nilijua kwamba inauma kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Ndivyo nilivyo siku hizi, wifi, nakuambia wewe kwa sababu umbali unasaidia. Wiki iliyopita niliweka mkono juu ya pasi ya makaa nikageuka kuongea na jirani. Nilianza kusikia harufu. Jirani ndiye aliyepiga kelele. Watu wananiona nimejikaza, wananisifu. Sijajikaza. Hakuna cha kukaza.

Muulize fundi: kwenye mlima wa tangi cheni inaruka. Nikikanyaga kwa nguvu inaruka, nikikanyaga polepole baiskeli inasimama. Nifanye nini? Na jasho je? Nitafikaje kwenye vitambaa vyeupe nikiwa nimeloa?

Nashangaa fundi huyo anavyoijua njia ya bomba.

Mke wa kaka yako.


21 Machi

Wifi yangu, roho yangu,

Mkono wako umeniuma mimi. Nilipofika hapo kwenye pasi niliiweka barua chini nikatoka nje, nikamwacha mteja na nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Nenda hospitali ukaonyeshe huo mkono, usinifanyie ubishi wa ukoo wa kwenu.

Binti nywele zimeota, fupi, na sasa wenzake wawili wamenyoa kumuiga. Nitakufa na njaa.

Fundi nimemsomea. Safari hii kaniambia nisome polepole. Kasema cheni imelegea, haijaharibika. Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani. Legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo tu, hakikisha limekaa katikati, kaza. Usitumie koleo, utazila nati. Spana yake iko juu ya kabati la vyombo, kwenye kopo la maziwa, chini ya misumari. Kasema pia breki ya nyuma ya baiskeli hiyo haishiki kukiwa na mvua, tumia ya mbele lakini kwa upole, usije ukapaa juu ya usukani. Na pale kwenye tangi usione aibu kushuka. Hata wanaume wanashuka pale, wakishaona hakuna anayewatazama.

Jasho: beba nguo ya kubadilisha, iviringishe kwenye karia na mfuko wa nailoni. Fika mapema, omba maji kwa mlinzi, jipanguse. Hilo la jasho ni langu mimi, wanaume hawajui mambo hayo.

Usichelewe kujibu. Huwa kuna watu wanasubiri.

Wifi yako.


29 Aprili

Wifi,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na kazi, na nilikuwa na jambo la kufikiri. Natumaini hamjambo nyote.

Siku hizi naendesha kila siku ya kazi. Natoka giza likiwa linaanza kuchoka. Mbwa wa matanuri wamenizoea, hawainuki tena. Kengele ya baiskeli hulia yenyewe kwenye mashimo, basi wachoma matofali wameniita Mama Kengele. Wakinisikia wanasema, "Haya, amkeni, saa imepita." Mjini nakwenda nyuma ya mikokoteni, maana magari yanaiogopa kuliko yanavyoniogopa mimi. Nabadilisha nguo kwenye stoo ya vitambaa. Sijachelewa hata siku moja. Msimamizi kanipa kazi ya kola, ambayo ni ya watu wa mikono mizuri. Nilisema asante. Nilipaswa kufurahi, nikangoja, furaha haikuja, nikaanza kazi.

Cheni haijaruka tena. Spana niliikuta.

Ilikuwa juu ya kabati, kwenye kopo la maziwa, chini ya misumari. Mimi mwenyewe sikujua kama tuna kopo hilo. Nilihamia nyumba hii na kaka yako, tukaezeka, tukazaa, tukazika, nawe wifi yangu hujawahi kukanyaga jikoni kwangu. Maziko yenyewe ulishindwa kuja kwa sababu ya homa ya mwanao. Huyo fundi jirani yako ana macho marefu.

Sikukasirika. Nilikaa chini na spana mkononi, nikangoja nikasirike. Halafu nikaosha vyombo.

Sikuulizi kitu. Nilishauliza Januari. Nakuambia tu kwamba spana niliikuta.

Mke wa kaka yako.


16 Mei

Wifi yangu,

Leo sina utani. Salamu utanisamehe.

Yuko kwangu. Alifika wiki ile ile ya maziko, kwa miguu kutoka stendi, hana mfuko. Nilimfungulia mlango nikidhani ni mgonjwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, hakusema neno. Siku hiyo, wiki hiyo, mwezi ule. Wifi, nakuapia, nilimlisha kama mtoto. Aliniambia jambo moja tu: "Usimwambie." Nikasema moyoni nitamwambia wiki ijayo. Kila wiki nikasema wiki ijayo. Ukinilaumu utakuwa na haki, lakini ungemwona ungefanya nilivyofanya mimi. Nilificha visu vya nyumbani kwangu, wifi. Nilikuwa nasukia watu nje mlangoni ili nimsikie anavyopumua.

Halafu ikaja barua yako ya Januari. Nilimsomea bila matumaini yoyote, kumpa tu sauti ya nyumbani. Nilipofika kwenye magurudumu yaliyolala, akasema, "Tyubu zitakuwa zimeoza." Mtu aliyekaa karibu mwaka mzima bila kuongea! Niliangusha kitana. Akasema, "Asipite barabara kuu." Nikachukua kalamu nikaandika mbiombio kama mtu anayekinga maji ya mvua. Ndiyo maana nilitunga fundi. Kama ningekuambia yupo, ungeacha kuuliza habari za baiskeli na kuanza kuuliza habari zake, naye angenyamaza tena. Nilikuwa na njia moja tu ya kumfanya afungue mdomo, nikaitumia.

Sasa anaongea. Anaongea baiskeli. Asubuhi ananiuliza, "Atakuwa amefika wapi sasa?" Namwambia sijui. Anasema, "Atakuwa kwenye matanuri." Anakula. Juzi alimtengenezea binti yangu stuli. Lakini mtoto hamtaji. Mimi nikimtaja anainuka anatoka nje.

Jana kaniambia anataka kurudi. Kasema niulize kama anaruhusiwa, na kama wewe umechoka na mlima wa tangi, anaweza kuweka meno mengine kwenye gurudumu la nyuma ili uupande kwa urahisi. Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno. Nimwambie nini?

Mimi, wifi yako, niliyekuficha.


5 Juni

Wifi,

Salamu kwenu nyote. Huku jua ni kali. Jirani wa kushoto kanitaka nimshikie mtoto akaoge, nikamshika mpaka akarudi.

Sikulaumu. Nimelitafuta neno la kukulaumu nikalikosa, na sijui kama ni kwa sababu nakuelewa au kwa sababu sina kitu ndani. Ulimlisha. Asante kwa kumlisha.

Nimeisoma barua yako saa ya mapumziko karakanani. Mwenzangu wa cherehani ya jirani akaniuliza, "Habari nzuri?" Nikamwambia, "Mume wangu yu hai." Akanikumbatia akalia, yeye. Mimi nilishika mkasi wakati wote ili usimchome.

Mwambie meno ya nyuma sihitaji. Mwezi huu nimeanza kupanda mlima wa tangi bila kushuka. Asije kwa ajili ya baiskeli. Baiskeli iko sawa, inanifikisha na kunirudisha.

Akitaka kuja kwa ajili ya jambo jingine, mlango haujabadilishwa kufuli. Lakini mimi simwiti, wifi. Niliita mara moja mwaka jana, siku ambayo yeye anaijua, hakuwepo. Sitaita mara ya pili.

Mke wa kaka yako.


23 Juni

Wifi,

Kwa haraka, mteja amekaa kwenye kiti. Nilimsomea ya kwako yote, na lile la mwisho nililisoma mara mbili kwa sababu alinitaka. Aliosha shati lake mwenyewe. Leo asubuhi nimekuta kitanda kimetandikwa, na yeye hayupo. Binti anasema alimwona akipanda lori la mbao linaloelekea kwenu.

Hasira zako, kama zipo, zitoe kwangu kwanza. Kama hazipo, basi angalau mpe maji. Niandikie akifika. Niandikie asipofika.

Wifi yako, siwezi hata kushika kitana.


8 Julai

Wifi,

Amefika. Acha kulia, shika kitana.

Nilikuwa narudi kazini, jua halijazama, kengele inalia yenyewe kama kawaida. Nikamwona kakaa kwenye kizingiti. Amekonda, shati limepigwa pasi vibaya. Nilishuka mbali kidogo, nikasukuma mpaka mlangoni. Nilikuwa nimejiuliza mara nyingi nitasikia nini siku hiyo. Sikusikia kitu. Niliona tu kwamba amezeeka masikio.

Akasimama akaishika baiskeli usukani, kama alivyokuwa akimpokea mgeni mzigo. Akabonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba. Akasema, "Hii inataka upepo." Nikasema, "Nitautia." Akasema, "Na cheni?" Nikasema, "Haijaruka." Akainama kuitazama, akasema, "Umeikaza vizuri, gurudumu limekaa katikati kabisa." Akauliza, "Siku za mvua unapitaje kwenye matanuri, na ule utelezi?"

Hapo, wifi, kuna kitu kilianza kupanda kutoka tumboni. Nilidhani ni njaa, maana nilikuwa sijala. Kikafika kifuani, kikafika kooni, nikajua ni hasira. Nilifurahi kuiona hasira ile, sikufichi, kama mtu niliyedhani amekufa.

Nikamwambia, "Baiskeli nimeandikiana na dada yako nusu mwaka, imetosha. Usiniulize baiskeli. Siku ile ulikuwa zamu. Ulirudi ukakuta nimeshamfunika, ukakaa wiki moja, ukaondoka, na hujaniuliza hata neno moja. Nimekaa nalo peke yangu. Niulize mtoto alikufaje."

Aliiachia baiskeli ikaanguka. Jirani alichungulia akarudisha kichwa. Kaka yako alisimama pale, na mimi nikasema moyoni, akitoka nje ya ua huu sasa hivi, nitafunga mlango na kubadilisha kufuli, na sitamwandikia mtu yeyote tena habari yake. Alitazama njia. Kweli aliitazama, wifi, nilimwona.

Halafu akakaa chini kwenye udongo na kuniuliza. Kwa sauti ndogo, lakini aliuliza yote, kwa maneno kamili: "Mwanangu alikufaje?"

Nikakaa na mimi. Nikamwambia homa ilivyopanda ghafla mchana, na jinsi nilivyombeba mgongoni mpaka zahanati na kukuta imefungwa, nikarudi naye. Nikamwambia nilitoka barabarani nikaita, hapakuwa na mtu wa kumtuma kwenye tangi. Nikamwambia jinsi alivyotulia jioni nikadhani amepata nafuu. Na nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu, hata wewe, kwa kuogopa kwamba likimfikia litamuua: kwamba mtoto alifumbua macho akaniuliza baba anarudi saa ngapi, nami nikamwambia yuko njiani, mwanangu, amekaribia kufika, akasema basi nitamsubiri, akafumba macho.

Hapo ndipo nilipolia, wifi. Sikuwa nimelia tangu siku ile. Tulilia wote wawili palepale chini mpaka jirani akaja na mtoto wake mgongoni, akatuinua, akatuingiza ndani.

Ni mimi, wifi yako.